MWANASHERIA KATIKA DOLA NA CHUONI: MFANO WA DERRICK BELL

Katika madarasa ya siasa huulizwa mara kwa mara: je, mtetezi wa wanyonge anaweza kuingia katika chombo cha dola bila kumezwa nacho? Swali hili halijibiwi kwa hamasa bali kwa kuchunguza mifano halisi. Mfano mmoja ni Derrick Bell, mwanasheria Mmarekani Mweusi aliyezaliwa Pittsburgh mwaka 1930 na kufariki mwaka 2011.

Kazi Serikalini

Bell alihitimu sheria mwaka 1957, akaajiriwa na Wizara ya Sheria ya Marekani, akashughulikia haki za raia. Wakubwa wake wakamtaka ajitoe katika NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, eti uanachama huo ungemfanya aegemee upande mmoja. Ndugu msomaji, tazama hoja hiyo: mtu amekabidhiwa kazi ya kulinda haki za wanaoonewa, lakini kuwa nao katika chama chao ni kosa. Mwaka 1959 Bell aliiacha kazi, uanachama akabaki nao.

Baadaye Thurgood Marshall alimchukua katika mfuko wa utetezi wa kisheria wa harakati hizo. Akiwa huko alisimamia kesi zaidi ya 300 za kuondoa ubaguzi mashuleni. Mwaka 1966 alirudi serikalini, akawa naibu mkurugenzi wa ofisi ya haki za raia katika wizara iliyohusika na elimu. Safari hii alikuwa na nyenzo: Sheria ya Haki za Raia ya 1964 iliruhusu shule zinazobagua zinyimwe fedha za serikali kuu. Cheo kilikuwa na uzito kwa sababu nyuma yake palikuwa na sheria, na nyuma ya sheria palikuwa na umma ulioandamana.

Kazi Chuoni

Mwaka 1969 alianza kufundisha Harvard, na mwaka 1971 akawa profesa Mweusi wa kwanza kupata ajira ya kudumu katika kitivo cha sheria cha chuo hicho. Hapo alizipima upya kazi zake mwenyewe. Katika wilaya ya Leake, Mississippi, wazazi walikuwa wamemwomba awasaidie ili shule yao iliyofungwa ifunguliwe. Yeye aliwajibu kwamba wanasheria wangechukua kesi ya kuchanganya shule tu. Katika makala ya mwaka 1976 alieleza hatari hiyo: mwanasheria huweza kuwatumikia wafadhili na shabaha zake, huku wazazi wakitaka elimu bora kwa watoto wao.

Mwaka 1980 alitoa nadharia ya kukutana kwa maslahi. Alisema Weusi hupata haki pale haki hizo zinapokutana na maslahi ya Weupe wenye uwezo. Hukumu ya 1954 iliyopiga marufuku ubaguzi mashuleni ilitolewa wakati Marekani ikishindana na Urusi kuzivuta nchi za dunia ya tatu. Serikali yenyewe iliieleza Mahakama Kuu mwaka 1952 kwamba ubaguzi unaichafua nchi huko nje. Kutokana na nadharia hii tunaelewa kwa nini maendeleo yalizorota maslahi hayo yalipoachana.

Migongano

Mwaka 1985 Bell alijiuzulu ukuu wa kitivo cha sheria cha Oregon, kwa kuwa wenzake walikataa kumwajiri mwanamke mwenye asili ya Asia. Mwaka 1990 aliondoka Harvard kwa likizo bila malipo, akidai aajiriwe mwanamke Mweusi katika ajira ya kudumu. Mwaka 1992 chuo kilimnyima nafasi yake. Mwanamke huyo wa kwanza, Lani Guinier, aliajiriwa mwaka 1998.

Wapo wanaosema kujiuzulu kwa mtu mmoja ni ushujaa usioyumbisha mfumo. Hoja hii ina ukweli, lakini haijakamilika. Bell hakuwa peke yake. Wanafunzi walikuwa wakiandamana na kukalia ofisi. Kitendo chake kiliwaongezea nguvu, na nguvu yao ilikipa kitendo chake maana.

Maswali ya kujadili

1. Wazazi wa Leake walitaka nini, na nani aliamua badala yao?

2. Kiongozi ajue vipi kwamba wakati wa kubaki umekwisha na wa kuondoka umefika?