Jina la Kapufi

Kijana mmoja wa chuo chetu hapa Sumbawanga alitaka tumfutie jina la Kapufi daftarini, akidhani si la Kiislamu. Tulikataa. Kapufi alikuwa Mwene wa Nkansi, wa ukoo wa Watwa (si wale Watwa wa misituni), ambao wazee husimulia kuwa waliutwaa utawala kwa watu wa Milansi. Joseph Thomson, msafiri Mskoti, alimkuta akitawala mwaka 1880. Leo jina hilo lasikika Ufipa na hata Mpanda, ingawa si kila mwenye nalo ni wa nyumba ya kifalme. Tena Sura ya Al-Ahzab, aya ya 5, yaamrisha watu waitwe kwa baba zao. Babaye alikuja kutushukuru; habari za Milansi hakuwa akizijua.