Kasi, Marudio na Kidhibiti: Kutafuta Hitilafu ya Kichakataji cha Tarakilishi ya Mezani

Utangulizi

Dalili ya mvua ni mawingu, walinena wahenga, ila si kila wingu hunyesha. Kauli hii yamfaa mwanafunzi anayechapa tasnifu yake kwa tarakilishi ya mezani iliyokwisha kutumika kwingine kabla ya kufika Kanyakine, katika Imenti Kusini. Tarakilishi inajikokota, na anapokagua, kichakataji kinaonyesha kiwango cha chini mno kuliko kile alichoambiwa aliponunua. Je, kimeharibika? Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi ya kubaini kiini cha hali hiyo katika mfumo wa Linux, na kuonyesha kuwa jina lisilochunguzwa humpoteza fundi sawa na limpotezavyo mfasiri.

Maana ya marudio

Kichakataji hufanya kazi kwa mapigo. Idadi ya mapigo kwa sekunde ndiyo marudio. Gigahezi 1 ni mapigo bilioni 1. Aghalabu watu huyaita "kasi", ingawa vichakataji viwili vyenye marudio sawa huweza kutofautiana kwa kazi inayokamilishwa katika kila pigo. Neno "masafa" nalo tayari linabeba umbali na mawimbi ya redio.

Marudio hupanda na kushuka kwa makusudi. Kichakataji cha Intel Core i5-6500, kilichotolewa mwaka wa 2015, kina marudio ya kawaida ya gigahezi 3.2, lakini kisipokuwa na kazi huweza kushuka hadi 0.8. Marudio yakishuka, volteji nayo huweza kushushwa, na hapo ndipo penye faida kubwa: volteji ikipungua kwa asilimia 20, umeme unaotumiwa na mapigo hupungua kwa takriban asilimia 36, hata marudio yasipobadilika. Kwa hiyo, marudio madogo wakati wa mapumziko si ugonjwa.

Jina moja, dhana mbili

Sehemu ya Linux inayoamua marudio yapande au yashuke huitwa kwa Kiingereza kwa neno lenye maana ya gavana. Nchini Kenya, tangu uchaguzi wa 2013, gavana ni kiongozi wa kaunti. Neno "kidhibiti" lafaa zaidi. Kidhibiti hutoa uamuzi, na programu kiendeshi huutekeleza.

Tatizo huzuka katika kidhibiti kiitwacho "powersave". Chini ya kiendeshi cha acpi-cpufreq, jina hilo humaanisha kubaki katika marudio ya chini kabisa, kazi iwe nyingi au chache. Chini ya intel_pstate, kilichoingia katika Linux mwaka wa 2013, jina lilo hilo kwa kawaida humaanisha kupandisha na kushusha kulingana na kazi. Anayelisoma bila kujua kiendeshi atatibu asiye mgonjwa, au atamwacha mgonjwa akiteseka.

Hatua za uchunguzi

Kwanza, fungua folda ya /sys/devices/system/cpu/cpu0/cpufreq. Isipokuwapo, huenda kiendeshi hakikupakiwa au uwezo huo ulizimwa katika mipangilio ya BIOS.

Pili, soma faili ya scaling_driver, kisha scaling_governor, kwa utaratibu huo. Ukikuta acpi-cpufreq pamoja na "powersave", badilisha kidhibiti kiwe "schedutil" au "ondemand", ukitumia mamlaka ya msimamizi wa mfumo.

Tatu, linganisha scaling_max_freq na cpuinfo_max_freq. Ya kwanza ikiwa ndogo, kuna kikomo kilichowekwa.

Nne, ipe tarakilishi kazi nzito huku ukitazama marudio na halijoto. Marudio yakipanda kisha yakaanguka joto linapozidi, kichakataji kinajikinga. Hapo kidhibiti hakina hatia: zima mashine, chomoa waya wa umeme, pangusa vumbi la kiangazi kwenye feni, na ukague grisi ya kupitishia joto.

Badilisha jambo moja kwa wakati mmoja, la sivyo hutajua lipi lililotibu.

Hitimisho

Imebainika kuwa neno "powersave" haliwezi kufasiriwa kwa haki kabla ya kuuliza linatumika chini ya kiendeshi kipi. Wanaistilahi wetu wakiunda msamiati wa tarakilishi kwa kutazama utendaji badala ya umbo la neno la kigeni, mwanafunzi wa Kanyakine ataweza kuitengeneza mashine yake kwa Kiswahili, wala hatauziwa kichakataji kipya asichokihitaji.