Pamba ya kilimo hai: kabla hujasaini, uliza cheti ni cha nani

Tuko kwenye kile kipindi ambacho ununuzi umekwisha, maotea yanang'olewa, na kila mtu anapiga hesabu za msimu unaokuja. Swali ninaloulizwa sana na vijana wa Kanda ya Ziwa safari hii halihusu bei dira wala ekapaki. Ni hili: "Bwana shamba, kuna watu wanataka tulime pamba ya ogani, wanasema nguo zake zinagombaniwa Ulaya. Niingie?"

Mimi huwa namrudishia mtu swali: cheti kitakuwa cha nani? Wengi wananishangaa. Tutafika huko, ila kwanza tuelewane hiyo nguo ni kitu gani, maana unakuta mtu amesaini mkataba wa kulima malighafi ya kitu asichokijua.

Nguo inayoitwa ya ogani ni ile iliyotengenezwa kwa nyuzi za asili, mara nyingi pamba, zilizolimwa bila mbolea za chumvichumvi, bila viuatilifu vya viwandani na bila mbegu zilizobadilishwa vinasaba. Huko viwandani kuna kiwango kinaitwa GOTS. Chenyewe kinataka nguo iwe na nyuzi za kilimo hai zisizopungua asilimia 70 ndipo ipate nembo, na ili iandikwe ogani moja kwa moja lazima zifike asilimia 95. Kinakagua pia rangi zinazotumika, maji machafu ya kiwanda na hali za wafanyakazi. Lakini yote hayo yanaanzia shambani kwako. Kiwanda hakiwezi kuifanya pamba ya kawaida iwe ya ogani hata kikiosha mara mia.

Na soko lipo kweli, siyo hadithi. Wilayani Meatu, mkoa wa Simiyu, kampuni ya bioRe imekuwa ikifanya kazi na wakulima wa pamba ya kilimo hai tangu mwaka 1994, ikishirikiana na kampuni ya Remei ya Uswisi inayouza nyuzi na nguo. Zaidi ya miaka 30 sasa. Tanzania inahesabika miongoni mwa nchi zinazolima pamba hii, pamoja na India, Uturuki, China na Kirigizistani. Na tuna jambo moja linalotubeba: mbegu zetu za Ukiriguru, kama UKM08, si za GMO. India sehemu kubwa mno ya pamba ni ya Bt, kwa hiyo mkulima wa ogani kule anahangaika kupata mbegu safi na kujikinga na uchavushaji wa jirani. Kenya nayo iliruhusu pamba ya Bt Desemba 2019. Kwetu hilo bado halijawa tatizo la shambani.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Mbegu usiipokee tu kwa sababu imekuja na gari la AMCOS. Zile zilizonyonyolewa manyoya kwa kawaida huwa zimepakwa dawa, na hizo haziruhusiwi. Unahitaji mbegu isiyo na dawa, na mara nyingi hiyo ni ile yenye manyoya. Mnunuzi wako ndiye anapaswa kuileta, na iandikwe kwenye mkataba kwamba ataileta kabla ya Novemba 15, siku ambayo dirisha la kupanda Kanda ya Magharibi linafunguliwa. Ikifika Januari umeshapoteza msimu, ogani au siyo ogani.

Palizi ndiyo inayowatoa vijana jasho. Umezoea kupiga dawa ya magugu na kuendelea na mambo yako. Hapa ni jembe, ng'ombe na palizi la kukokotwa. Ekari 10 kwa jembe la mkono bila vibarua wa uhakika, usijidanganye.

Halafu kuna mzunguko wa mazao. Kilimo hai hakikubali pamba juu ya pamba kila mwaka. Udongo unalishwa kwa samadi iliyooza na kwa mikunde: dengu, choroko, kunde. Mtama nao unaingia. Maana yake shamba la ekari 10 si ekari 10 za pamba. Huenda pamba ikawa ekari 4 au 5, na zilizobaki mazao mengine. Vijana wengi wanapopiga hesabu wanazidisha bei ya ogani kwa ekari zote, na hapo ndipo hesabu inapowadanganya. Habari njema ni kwamba dengu na choroko siku hizi si mazao ya kubahatisha. Zina minada ya stakabadhi ghalani na zinaleta fedha wakati pamba bado iko shambani au haijalipwa.

Wadudu je? Adui mkubwa ni funza wa vitumba. Kwenye kilimo hai hakuna dawa moja ya kumaliza kila kitu, unatumia njia kadhaa kwa pamoja. Panda mistari ya alizeti ndani ya pamba: inavuta nondo wa funza waache pamba, na pia inawaita wadudu marafiki wanaokula mayai na vifunza. Chawa jani wasikutishe sana, aina za Ukiriguru zilichaguliwa zikiwa na manyoya kwenye majani na chawa jani hawayapendi. Kangambili wanakuja vitumba vikishapasuka, dawa yao kubwa ni kuvuna mapema na kutoacha masalia ya msimu uliopita.

Kwa funza, mbegu za mwarobaini zinafanya kazi ukizitumia inavyotakiwa. Saga gramu 500 za mbegu zilizokaushwa kivulini, loweka kwenye lita 10 za maji usiku kucha, chuja kwa kitambaa, weka sabuni kidogo ya mche ili ishike kwenye majani, piga jioni. Jioni, siyo saa sita mchana, kwa sababu jua linaivunja haraka. Na mwarobaini hauui papo hapo. Unamfanya funza aache kula na ashindwe kujibadilisha. Mtu anayepiga leo na kesho asubuhi anahesabu maiti atasema haifai. Tena inashika kwa funza wadogo. Akishaingia ndani ya kitumba humpati. Kwa hiyo kukagua shamba angalau mara moja kwa wiki tangu vitumba vya maua vinapotokea si hiari.

Bomba la kupulizia nalo ni la kuangalia. Usikodi bomba lililotoka kupiga ekapaki au dawa ya kuogeshea ng'ombe. Pamba ya ogani inapimwa masalia ya dawa maabara, na kilichobaki kwenye bomba la jirani kinatosha kukutoa wewe na kikundi chako. Acha pia ukanda wa kutosha kati yako na jirani anayepiga dawa, upande mtama au nyasi. Na usifikirie kulima nusu ya pamba yako ogani na nusu ya kawaida. Viwango vingi vinakataza, na hata pale ambapo havikatazi mkaguzi hatakuamini.

Mavuno. Hapa nitasema kwa ukali kidogo kwa sababu ni tabia yetu. Msivunie kwenye salfeti! Uzi mmoja wa plastiki kutoka kwenye salfeti ukiingia kwenye pamba, jineri hauoni, kiwanda cha nyuzi hakiuoni, unaonekana kitambaa kikishatiwa rangi, kwa sababu plastiki haishiki rangi ile. Kitambaa chote kinakuwa na michirizi. Tumia shuka au mifuko ya kitambaa cha pamba. Fifi itengwe na safi hukohuko shambani, siyo nyumbani usiku kwa tochi. Na wale wa kunyunyizia maji na mchanga ili mizani ipande, hili soko si lenu.

Sasa fedha. Tuchukue mfano, namba ni za kujifunzia tu, weka zako. Unapata kilo 300 kwa ekari, bei ni shilingi 1,200 kwa kilo. Hiyo ni 360,000. Mnunuzi wa ogani anaahidi nyongeza ya asilimia 15, yaani 1,380 kwa kilo. Ukivuna kilo 261 kwa bei hiyo unapata zile zile 360,000. Kwa hiyo nyongeza yote imefidia upungufu wa kilo 39 tu kwa ekari. Mavuno yakishuka zaidi ya hapo, kinachobaki kukubeba ni gharama ya ekapaki uliyookoa, ukitoa palizi ya ziada. Na miaka ya mwanzo mavuno mara nyingi hushuka, udongo haujazoea.

Tena nyongeza haianzi siku ya kwanza. Kuna kipindi cha mpito. Kwa soko la Ulaya, shamba la mazao ya msimu linatakiwa likae miaka miwili chini ya kilimo hai kabla ya kupandwa zao litakalouzwa kama ogani. Kwa Marekani ni miezi 36 kabla ya kuvuna. Kipindi hicho unafuata masharti yote na unauza kwa bei ya kawaida, isipokuwa mnunuzi akubali kulipa kitu kwa pamba ya mpito. Ulizeni. Wapo wanaokubali, na asiyekubali anajua kwamba gharama ya kubadilika unaibeba peke yako.

Mkikaa mezani, nendeni na hesabu ya fulana. Pamba mbegu kilo 3 hutoa takriban kilo 1 ya nyuzi. Fulana moja, ukihesabu na upotevu wa kiwandani, tuseme inakula gramu 200 za nyuzi, sawa na gramu 600 za pamba yako. Kwa bei za mfano wetu, nyongeza ya asilimia 15 ni shilingi 108 kwa fulana nzima. Sisemi msusie. Nasema mtu akikwambia kuongeza kutoka 15 hadi 20 kutaua biashara yake, mwonyeshe kwamba anazungumzia shilingi 36 kwa fulana.

Haya, cheti. Wakulima wadogo hukaguliwa kwa kikundi, kwa mfumo wa udhibiti wa ndani: kuna daftari la kila mkulima, ramani ya shamba, wakaguzi wa ndani, kisha mkaguzi wa nje anakuja kuchukua sampuli. Kwa miaka mingi cheti hicho kimekuwa cha kampuni inayonunua. Umeteseka miaka mitatu na samadi, kampuni ikifunga ofisi au ikigoma kununua, huwezi kumuuzia mwingine kama ogani. Cheti kimeondoka nayo, wewe umebaki na pamba ya bei dira.

Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2018/848, ambayo inagusa pia pamba ghafi, imebadilisha hili. Kikundi cha wakulima sasa kinatakiwa chenyewe kiwe na usajili wa kisheria, wanachama wasizidi 2,000, mashamba yawe karibu karibu, na kuwe na utaratibu wa pamoja wa kuuza. Kwa AMCOS iliyojipanga huu ni mlango. Kampuni inaweza kugharamia ukaguzi, sawa, lakini jina kwenye cheti liwe la kikundi, na nakala ikae kwenye kabati lenu.

Karatasi nyingine ya kujua ni hati ya muamala, inayofuata kila mzigo kutoka jineri hadi mshonaji. Mwaka 2020 GOTS waligundua India hati za kughushi zilizohusu tani 20,000 za pamba. Tangu hapo wanunuzi wamekuwa wakali, wanataka kilo zinazouzwa zilingane na ekari zilizosajiliwa. Kwa hiyo ukipokea pamba ya shemeji yako uipitishie kwa jina lako, mavuno yako yataonekana makubwa kuliko shamba lako, na kitakachosimamishwa ni kikundi kizima.

Aliyeniuliza "niingie?" na ana ng'ombe wa kulimia, ana samadi, ana ekari za kuzungusha mazao na kikundi kinachoaminiana, aanze na ekari 2 au 3 za pamba, zote za kilimo hai, na dengu pembeni. Asiye na mifugo na anayelima shamba la kukodi mwaka mmoja mmoja, bado. Mwenye shamba akilichukua mwaka wa pili, mpito wako umekwenda nalo. Rasimu ya mkataba iombeni mwezi huu wa Septemba, muisome kikundi kizima kwa sauti, afisa ushirika awepo, na mbegu iwe imefika kabla mvua haijawakuta mnajadiliana.