Uchapaji na Mazingira (3): Kaveera Juu ya Jalada

Mazungumzo ya mataifa kuhusu mkataba wa plastiki yalivunjika Geneva mwezi Agosti 2025 bila makubaliano. Hapa Kampala, habari ya plastiki ikitajwa, watu hutaja kaveera, yaani mifuko ya plastiki, za sokoni na mitaro iliyoziba, na wana haki. Lakini ipo kaveera nyingine ambayo hailaumiwi na mtu: ile inayobandikwa kila siku juu ya majalada ya vitabu, kalenda na kadi za harusi pale Nasser Road, chini ya kilima cha Nakasero.

Wino na karatasi tulikwisha kuvieleza katika sehemu zilizotangulia. Leo ni zamu ya kazi zinazofuata mtambo ukishachapa: kukata, kukunja, kubandika, kushona, na hasa laminesheni. Jalada hupitishwa kati ya rola zenye moto pamoja na utando mwembamba wa polipropilini. Likitoka linang'aa, na mteja anafurahi. Sheria ya Uganda imepiga marufuku mifuko ya plastiki yenye unene chini ya mikroni 30. Utando wa jalada mara nyingi haufiki unene huo, ila kwa kuwa si mfuko, hauguswi. Nao una madhara ya namna yake. Karatasi inaporowekwa kiwandani ili irudi kuwa rojo, plastiki haivunjiki. Huchujwa na kutupwa pamoja na nyuzi za karatasi zilizoing'ang'ania. Na taka za Kampala tunajua zilikokuwa zikienda: Kiteezi, jalala lililoporomoka tarehe 10 Agosti 2024 na kuua zaidi ya watu 30.

Watetezi wa utando huo hudai kwamba bila plastiki kitabu hakidumu katika nchi ya mvua na mchwa. Historia yetu inawakatalia.

Siyu, katika kisiwa cha Pate kwenye pwani ya Kenya, mafundi walinakili Misahafu kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano, wakaishona na kuijalidi kwa ngozi. Mji huo ulisifika kwa kazi za ngozi kama ulivyosifika kwa wanazuoni wake. Hewa ya kule ni ya chumvi na unyevu, adui mkubwa wa karatasi, na bado Misahafu ya karne ya 18 na 19 imetufikia. Hakuna aliyeipaka plastiki.

Buganda nako kuna habari ninayoipenda kuliko zote. Mmisionari Alexander Mackay, aliyefika mwaka 1878, alichonga herufi za mbao kwa mkono wake ili achape karatasi za kusomea. Miaka ikapita, George Pilkington akishirikiana na Henry Wright Duta wakakamilisha tafsiri ya Biblia, na Biblia nzima ya Kiganda ikatoka mwaka 1896. Wasiwasi ulikuwa huuhuu wa leo: mchwa na unyevu vitaila. Kitabu kilifanywa kifupi na kinene sana, kiasi cha kuingia katika mkebe wa biskuti za Huntley & Palmers. Biskuti zikiisha, mkebe unakuwa nyumba ya Biblia. Karatasi ilibaki karatasi, na ulinzi ukatoka kwenye chombo ambacho kingetupwa. Hii ndiyo hekima tuliyoiacha. Wazee wale walikitunza kitabu kwa sababu walikithamini. Sisi tunakivika mng'aro, kisha tunakitupa.

Tena kinachoua kitabu cha shule mara nyingi ni mgongo wake. Mgongo hukwanguliwa, kisha humwagiwa gundi ya moto. Gundi hiyo ikizeeka hukakamaa, na mwanafunzi akikikunjua kitabu kwa nguvu kurasa huchomoka. Kitabu kikirudi kiwandani kufanywa rojo, gundi hiyo huwa vinata vinavyotia madoa karatasi mpya. Ipo gundi ya poliurethani, inayoshika zaidi na kutumika kidogo, lakini ikipashwa moto hutoa mvuke wa isosayanati unaodhuru mapafu, na vyumba vingi vya mafundi wetu ni vidogo. Uzi hauna mambo hayo. Kitabu kilichoshonwa kikichakaa jalada, hujalidiwa upya.

Kushona ni ghali na huchukua muda, nakubali. Vanishi ya maji, inayoweza kuchukua nafasi ya laminesheni, nayo haizuii mvua kama plastiki. Kwa kitabu cha darasani inatosha, hasa kikivikwa karatasi ya kaki kama tulivyozoea shuleni. Kwa kadi ya harusi, inayosomwa mara moja, hata vanishi ni ziada. Tumeufanya mng'aro kuwa kipimo cha ubora, na upotovu huo fundi wa Nasser Road hawezi kuuondoa peke yake, maana yeye hufuata anayelipa.

Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima shuleni, kwa hiyo vitabu vingi vitaagizwa. Nawaomba wachapishaji, walimu wakuu na kamati za harusi waandike hivi kwenye oda kabla ya kulipa amana: vanishi ya maji, mgongo ushonwe kwa uzi, laminesheni isiwekwe.