Chapa za Mbao za Japani na Somo la Sanaa

Katika mazoezi ya kufundisha tumemsikia mara nyingi mtoto akisema, "Mwalimu, mimi sijui kuchora," kisha akaweka penseli chini. Aghalabu mwalimu humwacha akae bure, akidhani kwamba sanaa ni kipaji cha wachache. Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha, kwa mfano wa chapa za mandhari zilizotengenezwa Japani mwanzoni mwa karne ya 20, kwamba picha moja yaweza kuwa kazi ya watu wengi, na kila mtoto akapata nafasi ndani yake.

Kazi ya watu wanne

Mjini Tokyo, mchapishaji Watanabe Shozaburo (1885–1962) aliwakusanya wasanii na mafundi ili kuufufua ufundi wa kale wa kupiga chapa kwa mbao, ambao ulikuwa umedhoofishwa na kamera na mitambo. Kazi zao ziliitwa shin-hanga, maana yake chapa mpya. Mchoraji alibuni picha. Mchongaji aliichonga katika vibao vya mcheri, akitenga vibao kwa ajili ya rangi mbalimbali. Mchapaji alipaka kibao rangi ya maji pamoja na uji wa mchele, akalaza karatasi juu yake, akaisugua mgongoni kwa kisuguo cha mviringo kilichofunikwa kwa ganda la mwanzi. Mchapishaji aligharimia, alisimamia na kuuza.

Karatasi ileile hupita juu ya kila kibao kwa zamu. Kwa sababu hiyo mchongaji huacha alama mbili ukingoni mwa kila kibao, ambapo karatasi huegemezwa ili rangi zikae mahali pake. Alama hizo hazionekani katika picha, lakini pasipo hizo picha huharibika.

Saa ya siku katika rangi

Mchapaji hakuwa mtumishi tu wa mchoraji. Akipangusa sehemu ya rangi kibaoni kwa brashi yenye maji, anga hufifia taratibu kama ionekanavyo alfajiri. Mwaka 1926 Yoshida Hiroshi alitoa chapa za mashua za matanga ambamo vibao vilevile vilitumika kuonyesha asubuhi, alasiri, ukungu, jioni na usiku. Mashua hazikubadilika, kilichobadilika ni rangi.

Ufundi huu ulipata pigo kubwa tarehe 1 Septemba 1923, tetemeko la ardhi na moto vilipoiangamiza sehemu kubwa ya Tokyo. Duka la Watanabe liliteketea pamoja na vibao, na mchoraji Kawase Hasui (1883–1957) akapoteza vitabu vyake vya michoro vilivyokusanywa kwa miaka mingi. Hasui alifunga safari ndefu, akaanza kuchora upya. Mwaka 1925 ilitoka chapa yake mashuhuri ya hekalu la Zojoji: lango jekundu, theluji inayopeperushwa na upepo, na mwanamke aliyejikinga kwa mwavuli.

Katika darasa

Tunapendekeza somo lifuatalo kwa darasa la 5 au la 6, katika vikundi vya watoto wanne.

1. Mchoraji atoke nje achore mandhari nyepesi, kama kilima na mti.

2. Mkataji akate kilima na mti katika kadibodi, na kubandika kila kimoja juu ya kibao chake. Vibao viwe vya ukubwa mmoja. Mwalimu akumbushe kwamba picha itatoka imegeuka, kulia kuwa kushoto.

3. Msimamizi abandike vipande vyembamba pembeni mwa vibao ili karatasi iegemezwe mahali pamoja.

4. Mchapaji apake rangi na kusugua kwa mgongo wa kijiko, kilima kwanza, kisha mti.

Kikundi kichape tena kwa rangi nyingine. Halafu mwalimu aulize, "Hapa ni saa ngapi? Umejuaje?" Katika somo lifuatalo watoto wabadilishane kazi, na alama zitolewe kwa kikundi kizima.

Huenda yule aliyesema hajui kuchora ndiye atakayeweka karatasi sawasawa kuliko wenzake. Hatuna budi kumpa nafasi ya kulitambua hilo.