Je, Wajua? Mbolea ya mchicha hutoka hewani

Naitrojeni iliyomo katika mbolea ya yurea hutolewa kwenye hewa hii hii tunayovuta. Mfuko wa kilo 50 una kilo 23 zake. Na hurudi hewani upesi! Imwage juu ya udongo wa mawe ya matumbawe, kama wa pwani ya Mangapwani, Unguja, uiache juani: chokaa ya udongo huo huharakisha kugeuka kwake kuwa gesi ya amonia. Ifukie, kisha mwagilia.

Samadi ina naitrojeni kidogo, lakini hushika maji, na kwenye udongo mwembamba hilo ni jambo kubwa. Ya kuku ikiwa mbichi huunguza miche. Iozeshe kwanza.

Mbolea ikizidi, majani hulimbikiza naitreti. Mwanga wa jua huzipunguza, basi chuma mchicha jioni.