Chukudu Bila Dereva: Misingi ya Roboti Tembezi Inayojiendesha

1.0 Utangulizi

Mjini Goma chukudu imepewa heshima ya kujengewa sanamu, iliyozinduliwa mwaka 2009. Chombo hiki cha mbao chenye magurudumu mawili kimebeba kwa miongo mingi makaa, viazi na kabichi kutoka Kibumba kuteremkia mjini. Hakina injini wala kipimo chochote. Maarifa yote ya safari yamo katika mwili wa dereva wake.

Makala haya yanakusudia kuwaelezea wanafunzi wa uhandisi misingi ya roboti tembezi inayojiendesha, kwa kuuliza swali moja: tukimwondoa dereva wa chukudu, tuweke nini mahali pake? Hoja yetu ni kwamba ugumu hauko katika kukifanya chombo kiende. Ugumu uko katika kukifanya kijue ni kwa kiasi gani kinaweza kuyaamini yale kinayoyajua.

2.0 Maana ya kujiendesha

Si kila roboti hutembea, na si kila chombo kitembeacho bila mtu ndani yake hujiendesha. Roboti za kuongoza magari zilizowekwa Kinshasa mwaka 2013, kazi ya mhandisi Thérèse Izay Kirongozi na wenzake, hugeuza kifua na kuinua mikono, lakini husimama pale pale. Kwa upande mwingine, ndege zisizo na rubani ndani, ambazo ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulianza kuzirusha kutoka Goma mwezi Desemba 1983 + 30, yaani 2013, zilisafiri mbali, lakini ziliongozwa na watu waliokaa ardhini.

Roboti tunayoizungumzia huunganisha mambo mawili: hutembea, na huamua yenyewe njia ya kupita. Mfano wa mwanzo ni "kobe" wa umeme waliotengenezwa na William Grey Walter mjini Bristol, Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1940, ambao waliufuata mwanga na kukwepa vizuizi. Baadaye, kati ya miaka 1966 na 1972, watafiti wa California walitengeneza Shakey, roboti iliyoweza kupanga safari yake kabla ya kuondoka.

3.0 Kuhisi, kuamua na kutenda

Dereva wa chukudu hutazama barabara, hukata shauri, kisha hugeuza usukani au hukanyaga breki. Hayo ndiyo mambo matatu ya msingi. Macho ya roboti ni vihisi, na vihisi ni vya aina mbili. Vipo vinavyopima hali ya chombo chenyewe, kama vile kihesabu mizunguko ya gurudumu. Na vipo vinavyopima mazingira, kama vile kamera na kipima umbali cha leza. Kompyuta ndiyo huamua, na mota ndizo hutenda. Mzunguko huu hurudiwa mara nyingi katika kila sekunde, na kila mara roboti hulazimika kujiuliza: niko wapi, naenda wapi, nipite wapi?

4.0 Niko wapi?

Swali la kwanza ndilo gumu zaidi. Tuchukue roboti yenye magurudumu mawili yaliyo sambamba, kila moja na mota yake, na kigurudumu kidogo cha kuegemea. Ikiwa kipenyo cha gurudumu ni sentimeta 20, mzunguko mmoja ni sentimeta 62.8, na mizunguko 100 ni meta 62.8. Lakini juu ya mawe ya volkano gurudumu huteleza. Likipoteza asilimia 5 ya mwendo wake, roboti itakuwa imekwenda meta 59.7 tu, huku ikiamini kuwa imefika mbele zaidi.

Kosa la mwelekeo ni baya kuliko hilo. Tuseme magurudumu yameachana kwa sentimeta 50, na moja limeteleza sentimeta 1 tu. Roboti itageuka kwa pembe ya radiani 0.02, yaani zaidi kidogo ya digrii 1, bila kujua. Ikiendelea mbele meta 100, itakuwa imepotoka njia kwa meta 2. Katika barabara nyembamba, meta 2 ni mtaroni.

Dawa yake ni kuwa na shahidi wa pili. Setelaiti huweza kuiambia roboti mahali ilipo. Kosa lake ni la meta kadhaa, lakini halilimbikizani. Hesabu ya magurudumu ni nzuri karibu na mbaya mbali. Rudolf Kalman alichapisha mwaka 1960 njia ya kuwapatanisha mashahidi wa namna hii: kila mmoja apewe uzito kulingana na ukubwa wa kosa lake. Magurudumu yakisema meta 60 na setelaiti ikisema meta 63, na makosa yao yakiwa sawa, kadirio bora ni meta 61.5. Kosa la setelaiti likiwa kubwa zaidi, kadirio husogea kuelekea 60.

5.0 Funzo la Nyiragongo

Huenda msomaji akadhani kwamba ramani nzuri itaondoa shaka yote. Wakazi wa Goma wanajua vinginevyo. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo iliingia mjini na kufunika sehemu ya njia ya kurukia ndege. Tarehe 22 Mei 2021 ilishuka tena na kuikata barabara ya Rutshuru. Roboti ambayo ingetumia ramani ya jana yake ingeiamini barabara isiyokuwapo tena. Ramani nayo ni kadirio.

Hata hivyo, ni mahali kama hapo ambapo mashine ingefaa kumtangulia binadamu. Mwezi Januari 1993 wanasayansi 6 walikufa katika kreta ya volkano ya Galeras, Kolombia. Mwaka uliofuata roboti yenye miguu minane, Dante II, iliteremka katika kreta ya mlima Spurr, Alaska, ikapima gesi. Ilipokuwa ikipanda kurudi ilianguka ubavu, ikabidi itolewe kwa helikopta. Kazi ilifanyika, na hakuna aliyekufa.

6.0 Hitimisho

Dereva mzoefu wa chukudu asipoiona njia vizuri hupunguza mwendo. Roboti nayo yapasa ifanye hivyo: kosa la kadirio likikua, mwendo upungue, likizidi mno, isimame. Mwanafunzi aweza kuanza leo kwa gurudumu, chaki na utepe wa kupimia. Alizungushe mara 100 juu ya lami, kisha mara 100 juu ya changarawe ya volkano, na kila mara alinganishe hesabu na umbali halisi. Tofauti atakayoipata ndiyo somo la kwanza.